Upepo Umepita, Maji Yamebaki

Somo juu ya tufani iliyopiga pwani ya Msumbiji mwaka 2019, kwa wakulima wa milimani



Mama mmoja aliingia katika chumba chetu cha watoto, amebeba mgongoni mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akihara. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Ukifinya ngozi ya tumbo lake ilikawia kurudi. Tulimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, usiku kucha. Asubuhi mtoto alianza kulia kwa sauti, na machozi yakaonekana. Ndipo mama yake alipokaa chini na kuniuliza neno ambalo limenifanya niandike somo hili. Alisema, "Mganga, mvua kubwa ilipita juma lililopita. Ilichukua maharagi yangu ya bondeni, hilo nimelikubali. Lakini mtoto wangu alikuwa nyumbani, juu mlimani. Mvua ilimkuta wapi?"

Swali lake ni jema, tena si la mama huyu peke yake. Ili kulijibu itanipasa niwachukue mbali na Kasugho, hata pwani ya bahari, kwa maana huko jambo lilelile lilitokea kwa ukubwa ambao hakuna aliyeweza kutoliona. Kisha tutarudi kwa mama na mtoto wake.

Tufani ni kitu gani?

Wengi wetu hatujaona bahari. Jueni kwamba maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto la digrii 26 au 27, mvuke mwingi huinuka kutoka juu yake. Upepo wa pande zote hukimbilia mahali pale kujaza nafasi. Na kwa kuwa dunia inazunguka, upepo huo nao hupindwa, ukaanza kuzunguka kama gurudumu. Kusini ya ikweta huzunguka kwa kufuata njia ya mshale wa saa. Gurudumu hilo la upepo na mawingu laweza kuwa na upana wa mamia ya kilometa. Watu wa pwani huliita tufani au kimbunga. Likiwa juu ya bahari yenye joto linapata nguvu kila siku. Likiingia nchi kavu nguvu za upepo hupungua, lakini mvua yake haikomi upesi.

Sisi wa Kasugho tunakaa karibu kabisa na ikweta, na karibu na ikweta upepo haupindwi vya kutosha kufanya gurudumu. Kwa hiyo tufani yenyewe haitafika kwetu. Mtu asifurahi haraka. Mambo yatakayosimuliwa hapa chini, karibu yote yalifanywa na maji, si na upepo, na maji tunayo.

Beira, Machi 2019

Mji wa Beira uko pwani ya Msumbiji, katika jimbo la Sofala. Umejengwa mahali pa chini sana, penye matope na mikoko, karibu na mto Pungwe unapoingia baharini. Kusini yake kidogo kuna mto mwingine, Buzi. Mabonde ya mito hiyo miwili ni nchi ya wakulima. Katika maji ya bondeni wanawake hulima mpunga. Mahali palipoinuka kidogo hulima mahindi, mtama, mihogo na ufuta. Mahindi yao hukomaa mwezi wa Machi na kuvunwa Aprili.

Mwanzoni mwa Machi 2019 mvua kubwa zilinyesha Msumbiji na Malawi, mito ikajaa. Mawingu yale yakarudi baharini. Huko yakapata joto, yakawa tufani iliyopewa jina la Idai, kisha yakageuka kurudi palepale. Usiku wa tarehe 14 Machi Idai ilifika Beira. Mapaa yaling'olewa, hata mapaa ya hospitali kuu. Bahari iliinuka ikaingia nchi kavu. Barabara inayounganisha mji na nchi ya ndani ilikatwa, simu zikanyamaza.

Watu waliookoka usiku ule walidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mvua iliendelea kunyesha milimani kwa siku kadhaa, na maji ya milimani yana njia moja tu, nayo ni bondeni. Pungwe na Buzi zikapita kingo zake. Zilikutana katika mashamba zikafanya ziwa kubwa, hata picha zilizopigwa na vyombo vya angani zilionyesha bahari mpya mahali palipokuwa na vijiji. Watu walikaa juu ya mapaa na juu ya miti siku nyingi, wengine pamoja na watoto, wakingoja mitumbwi.

Katika Msumbiji watu zaidi ya 600 walikufa. Ukihesabu pamoja na Zimbabwe na Malawi, waliokufa ni zaidi ya 1,000. Waliohitaji msaada Msumbiji walikuwa 1,850,000. Na mashamba yaliyoharibiwa yalikuwa hektari zaidi ya 700,000, majuma machache tu kabla ya mavuno.

Neno hili la majuma machache lifikirini sana, ninyi mnaolima. Mkulima akiwa karibu na mavuno ghala lake huwa tupu. Mbegu amekwisha kuzitia ardhini. Akiba ya mwaka jana amekwisha kuila. Mali yake yote imesimama shambani ikingoja mikono. Tufani ikija mwezi mmoja baadaye ingekuta chakula ndani ya nyumba. Idai ilikuta chakula shambani.

Maji huharibu shamba kwa namna zaidi ya moja. Mizizi ya mmea inavuta hewa kama sisi. Ikikaa chini ya maji siku kadhaa inakosa hewa, na mmea unakufa ukiwa umesimama. Mihogo na viazi huoza ardhini. Mto ukipita kwa nguvu huchukua udongo mzuri wa juu na kuacha mchanga. Mahali pengine huleta matope mazuri, na huko mkulima huweza kupanda tena mapema. Maji ya bahari ni mabaya kuliko yote kwa sababu ya chumvi. Shamba la mpunga lililoingiwa na bahari halirudi kuzaa vizuri mpaka mvua nyingi ziioshe chumvi ile.

Kifo cha pili

Sasa ninakaribia swali la mama yetu. Upepo wa Idai uliua kwa usiku mmoja, na mito kwa siku chache. Baada ya hapo waganga walianza kuogopa kitu kingine, tena kwa sababu njema. Maji yalipopita juu ya nchi yaliingia vyooni, yakainua uchafu wote uliokuwamo, yakautia visimani. Watu maelfu walikuwa wamesongamana mashuleni na kambini. Wote walikuwa wakinywa maji yaleyale.

Tarehe 27 Machi, siku 13 tu baada ya tufani, serikali ilitangaza kwamba kipindupindu kimeonekana Beira. Kipindupindu huletwa na vijidudu wasioonekana kwa macho. Hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kwa kinywa cha mtu mzima. Mgonjwa hutoa maji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, mengi mno, na asiposaidiwa aweza kufa siku ileile.

Hapa nawaomba mkumbuke jambo lililotokea katika mkoa wetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache. Hapakuwa na vyoo, na mawe ya volkeno hayachimbiki. Watu walichota maji ya Ziwa Kivu wakayanywa hivyohivyo. Kipindupindu na kuhara damu vikaingia. Katika mwezi wa kwanza karibu wakimbizi 50,000 walikufa, walio wengi kwa magonjwa ya kuhara. Hakuna tufani iliyopiga Goma mwaka ule. Maji machafu yalitosha.

Beira haikuwa hivyo. Wagonjwa wa kipindupindu walikuwa zaidi ya 6,500, na waliokufa walihesabiwa kuwa 8. Kwa nini tofauti kubwa namna hii? Vituo vya kuwatibu wagonjwa vilifunguliwa mara moja, maji yakatiwa dawa, na kuanzia tarehe 3 Aprili watu zaidi ya 800,000 walinyweshwa dawa ya chanjo ya kipindupindu kwa muda wa juma moja hivi. Pia watu walifundishwa kuwanywesha wagonjwa wao tangu nyumbani, bila kungoja gari. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na bado nikisoma hesabu hizi mbili, ya Goma na ya Beira, nazisoma mara mbili. Ugonjwa ni uleule mmoja.

Basi mama, mvua ilimkuta mtoto wako wapi? Ilimkuta ndani ya kikombe. Mvua iliosha mlima mzima, pamoja na mahali watoto wanapojisaidia nyuma ya migomba na choo cha jirani kisicho na mfuniko. Iliyashusha yote katika chemchemi unayochotea. Maharagi yaliondoka siku ya mvua. Ugonjwa ulikuja siku chache baadaye, katika bidoni, ukaingia nyumbani kwa mlango.

(Wako wazee wanaoniambia kwamba chemchemi hii walikunywa babu zao, wala haikuua mtu. Nawajibu kwa heshima kwamba babu zao walikuwa nyumba tano juu ya mlima ule. Leo ni nyumba mia, pamoja na ndugu waliokimbia vita wakapokelewa huko.)

Mambo ya kufanya juu ya maji

Baada ya mvua kubwa chemsha maji yote ya kunywa, hata yakiwa meupe kwa macho. Yaache yachemke kwa nguvu dakika moja, na ninyi mnaokaa juu sana milimani, dakika tatu. Kama kuni zimelowa na moto hauwaki, tia javeli isiyo na manukato, ile yenye nguvu ya 5 kwa mia: matone mawili kwa lita moja ya maji safi. Maji yenye matope yachuje kwanza kwa kitambaa, kisha tia matone manne kwa lita. Funika, ngoja nusu saa, ndipo mnywe. Bidoni na ioshwe ndani pia. Nimeona bidoni zenye utelezi wa kijani ambazo hata maji yaliyochemshwa yakiingia humo yanaharibika.

Choo kiwe mbali na chemchemi, hatua 40 kubwa au zaidi, tena kiwe upande wa chini. Kunawa mikono kwa sabuni sihitaji kuwafundisha upya. Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, kila mlango wa Beni na Butembo ulikuwa na ndoo yake, na hata mtoto mdogo alijua. Ndoo hizo ziko wapi leo? Nyingine nimeziona zikitiwa pombe ya ndizi.

Mtu akianza kuhara usimnyime maji. Wako wanaofikiri kwamba ukimnyima maji tumbo litakauka. Litakauka kweli, pamoja na mwenyewe. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vidogo vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa, visijae kupita kingo. Usizidishe chumvi, maana itamdhuru mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika kumi, uanze tena. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Njiani kuja hospitali endelea kumnywesha. Usingoje mpaka ufike kwetu.

Tena baada ya majuma machache mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, na homa ya malaria huongezeka. Beira iliongezeka kwa maelfu ya wagonjwa. Chandarua kilichookolewa katika maji ni cha kulalia, si cha kufunika kuku.

Njaa na chakula kibaya

Niliposema kifo cha pili sikumaanisha kipindupindu peke yake. Njaa nayo huja polepole, na mwenye njaa hula kitu ambacho mwenye shibe hawezi kukila. Yako mambo matatu nataka mama wa nyumba ayajue.

La kwanza ni mahindi yaliyolowa. Mahindi yakikaa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu inayoua ini. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui, nchi ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa. Si shauri la uchawi, ni mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, wala kusaga. Yakiota ukungu usile, usipike pombe, tena usiwape kuku. Najua ni vigumu kumwambia mtu mwenye njaa atupe chakula. Namwambia hivyohivyo.

La pili ni mihogo michungu. Shamba likijaa maji watu hung'oa mihogo yote haraka kabla haijaoza, na kwa sababu ya njaa huiloweka siku moja badala ya siku tatu au nne. Mihogo michungu ina sumu inayotoka kwa kuloweka na kukausha tu. Mtu akiila siku nyingi bila kuitengeneza vizuri, tena bila maharagi au samaki, miguu yake yaweza kukakamaa ghafula asitembee vizuri tena maisha yake yote. Sisi Wakongo twaujua ugonjwa huu kwa jina la konzo, na umeonekana sana upande wa magharibi wa nchi yetu. Katika jimbo la Nampula, kaskazini ya Msumbiji, uliwapata watu zaidi ya elfu moja mwaka 1981, wakati wa ukame. Ukame na gharika havifanani, lakini haraka ya mwenye njaa ni ileile.

La tatu ni kula kitu kimoja tu. Baada ya Idai watu wengi wa Sofala walikaa miezi mingi wakila unga wa mahindi pasipo kitoweo. Ndipo ugonjwa wa pelagra ulipozuka. Ngozi ya shingo na mikono inayopigwa na jua huwa nyeusi na kukwaruza, tumbo huhara, na baadaye akili huchanganyika. Dawa yake ya chakula tunayo: maharagi, karanga, mayai, samaki wadogo. Unga wa msaada ukija, ni vema sana. Lakini bakuli la maharagi kando ya ugali ni dawa pia.

Mbegu, na miti ya karafuu

Mwenye njaa atakula mbegu zake. Nani atamlaumu? Lakini akizila, njaa ya mwaka huu itazaa ya mwaka ujao. Kwa hiyo katika Msumbiji serikali na mashirika, pamoja na FAO, waligawa mbegu na majembe maji yalipoanza kushuka, ili watu wapande msimu wa pili katika udongo uliokuwa bado na unyevu. Pamoja na mbegu walihitaji chakula, maana mtu aliyepewa mbegu bila unga atazipika usiku uleule. Na Januari 2021 tufani nyingine, Eloise, ilipita katika mashamba yaleyale. Ndugu, mkulima huyo amejaribiwa sana.

Kuna habari ya zamani zaidi inayotufundisha juu ya mazao ya miti. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga kisiwa cha Unguja, jambo lisilotokea huko ila mara chache mno. Sultani Barghash alikuwa katika mwaka wa pili wa enzi yake, na merikebu zake zilivunjika bandarini. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, majengo ya misheni yalibomoka. Lakini hasara kubwa ilikuwa mashambani. Karafuu nyingi za Unguja na minazi mingi ililala chini kwa siku moja. Mkarafuu uliopandwa leo huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi. Fikirini mwenye shamba aliyeweka mali yake yote katika miti hiyo! Kisiwa cha Pemba hakikuumia sana, watu wakapanda karafuu nyingi huko, na tangu wakati ule Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko Unguja, hata leo.

Wazee wa Beni na Butembo hawahitaji kwenda Unguja ili waelewe. Waliona kahawa yao ikikauka kwa ugonjwa, na aliyekuwa na kahawa tu alibaki na kuni. Pandeni kahawa, pandeni kinakina, sikatazi. Lakini karibu na nyumba, mahali maji hayafiki, liweko shamba dogo la vitu vinavyokomaa upesi. Lengalenga huliwa baada ya majuma manne hivi, maharagi baada ya miezi mitatu, na viazi vitamu havikawii sana kuliko hapo. Hifadhini miche ya viazi na mihogo juu mlimani, hata kama shamba kubwa liko bondeni.

Mlima nao huanguka

Wengine wamekwisha kusema moyoni: hayo ni ya watu wa pwani na mabondeni. Basi sikieni jinsi Idai ilivyofanya milimani. Usiku wa tarehe 15 Machi ilifika Chimanimani, nchi ya milima ya Zimbabwe, mbali na bahari. Mvua ililowesha miteremko mpaka ikashindwa kujishika. Matope na mawe makubwa kama nyumba yalishuka gizani. Kijiji cha Kopa, kilichojengwa mahali mito inapokutana, karibu chote kiliondolewa, na miili ya watu wengine ilichukuliwa na mto hata ikafika Msumbiji.

Kwetu je? Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, katika Kalehe, Kivu ya Kusini, mito ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Miili zaidi ya 400 iliokotwa, na wengi hawakuonekana tena. Ng'ambo ya Ruwenzori, kwa ndugu zetu Wakonzo wa Kasese, mto Nyamwamba ulifurika tarehe 1 Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe iliyojengwa kando yake, hata wagonjwa wakahamishwa. Katika siku zile za 2020 mto Lhubiriha, ambao wafanyabiashara wetu huuvuka huko Kasindi, nao ulifurika.

Mlima ukitaka kuanguka mara nyingi hutoa dalili. Ufa mpya huonekana katika udongo juu ya nyumba. Miti au nguzo za ua zinainama. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri unaanza kukwama. Chemchemi inatoa matope ghafula, au mto unapungua wakati mvua inanyesha, maana umezibwa juu na maji yanakusanyika. Ukiona mambo haya usiku, usikusanye vyombo. Chukua watoto, toka, nenda upande, mbali na njia ya maji. Na mashamba ya mteremkoni, limeni kwa kukata mlima, si kwa kushuka nao. Chimbeni mitaro, kingo zake zipandwe majani ya ng'ombe, na juu ya mlima muache miti.

Nani ametutuma maji haya?

Kila baada ya maafa watu hutafuta mwenye kosa. Wengine humtaja mchawi, na mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea ndiye anayeteseka. Wengine husema waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko sisi. Someni Luka 13, habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Bwana alilikataa wazo hilo waziwazi. Sitaongeza neno.

Lakini liko jambo ambalo watu wanaweza kulibadilisha. Mwezi wa Novemba 1970 tufani ilipiga pwani ya wakulima wa mpunga katika nchi inayoitwa leo Bangladesh. Waliokufa walikadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Baadaye walijenga nyumba za saruji juu ya nguzo, wakafundisha watu wa kujitolea katika kila kijiji kupita na vipaza sauti na bendera kuwaonya jirani. Mei 2020 tufani kubwa iitwayo Amphan ilipiga sehemu hizo, na katika Bangladesh waliokufa walikuwa makumi tu, wala si maelfu. Bahari haikuwa imebadilika. Sisi hatuna vipaza sauti vingi, lakini kila kanisa lina ngoma au kengele, na kila mlima una kijana anayeweza kukaa macho wakati mvua inapozidi.

Mama yetu aliondoka siku ya nne, mtoto akiwa mgongoni anakula ndizi. Mlangoni alirudi akaniambia kwamba hana mbegu; wiki ile ya njaa walikula zile alizokuwa ameziweka. Nilimtuma kwa wamama wa kanisa la mlimani kwake. Kila mmoja alimpimia kikombe kimoja cha maharagi, jumla vikombe kumi na saba, na walipatana kwamba baada ya mavuno arudishe vikombe viwili kwa kila kimoja, si kwao, bali katika pipa moja linalofungwa, liwekwe juu, mahali pakavu, kwa yule atakayekosa mwaka ujao. Pipa waliliomba kwangu. Lilikuwa la mafuta, ikanibidi kuliosha siku tatu.

Maswali ya kuzungumza mkiwa pamoja: Maji mnayokunywa yanapita wapi kabla ya kufika chemchemini, na kuna vyoo vingapi juu yake? Usiku mvua ikizidi, nani katika mlima wenu atapiga ngoma, nanyi mtakimbilia nyumba ya nani? Mbegu zako ziko wapi leo?